Kwenda Ng'ambo kwa Kazi ya Ukandaji: Yafaa au Haifai?

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyeiumba mikono ya waja wake akaijaalia riziki zao ndani yake, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake, na sahaba zake. Amma baad.

Barua imetufikia kutoka Kwa Vonza. Huenda baadhi ya wasomaji wetu wa mwambao hawalijui jina hili, basi twasema kwamba Kwa Vonza ni soko lililo katika kaunti ya Kitui, juu ya barabara itokayo Machakos ikapita Masii na Wamunyu mpaka mji wa Kitui. Ni nchi kavu yenye kutegemea mvua. Watu wake hupanda pojo, mbaazi na mtama, na hufuga mbuzi. Siku hizi pana Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, kilichopewa hati ya kuwa chuo kamili mwaka 2013. Mwenye kutuandikia ni ndugu yetu Mwislamu, mkaazi wa hapo, na haki yake ya kujibiwa ni sawa na haki ya jirani wa mlango wa pili.

Asema kwamba binti yake amejifunza kazi ya kukanda viungo, ile iitwayo masaji, akafanya mtihani akapata cheti. Wakala mmoja amemletea mkataba wa miaka miwili wa kwenda kufanya kazi hiyo katika hoteli ya mji mmoja wa Ghuba, kwa mshahara ambao baba hajapata kuushika katika ukulima wake wote. Mvua zimekatika, ada za shule za wadogo zadaiwa, na mama mtu halali usiku kwa hofu, ila hajasema hapana. Baba atuuliza mambo matatu: Je, kazi yenyewe ni halali? Je, safari yake ni halali? Na fedha atakazoleta, tule au tusile?

Barua hii ilisomwa katika darsa yetu, na maneno yakawa mengi. Mmoja alisema ni haramu, hapana haja ya maelezo. Mwengine akasema dharura huhalalisha lililokatazwa, na njaa ni dharura. Wote wawili walitoa hukumu kabla ya kuuliza ndani ya mkataba mna nini. Sisi twaona kwamba jawabu la masuala haya limo humo, na tutalifikia kwa daraja, in sha Allah.

Jambo la kwanza: kazi yenyewe

Kukanda si jambo geni kwetu. Mtoto wa mwambao hukandwa kabla hajalijua jina lake. Mama aliyejifungua hukandwa kwa maji moto katika siku zake arubaini. Mvuvi aliyeteguka bega huchuliwa kwa mafuta ya nazi au ya simsim. Bibi harusi husingwa kabla ya kutolewa. Kule Unguja Sayyid Said alijenga hamamu ya Kidichi mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, na mwanawe Sayyid Barghash, aliyetawala kutoka 1870 mpaka 1888, alijenga mjini ile hamamu iliyoupa mtaa wa Hamamni jina lake. Na hamamu, popote ilipokuwa katika miji ya Waislamu, haikuwa mahali pa maji peke yake, bali palikuwa pia mahali pa kusuguliwa na kukandwa.

Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ameweka katika kitabu chake Ihya, ndani ya maelezo ya twahara, adabu za mwenye kuingia hamamu. Hakuikataza hamamu, wala hakuiacha bila mipaka. Amemtaka mtu auhifadhi utupu wake na macho ya watu, na auhifadhi pia na mkono wa msuguaji. Tazama, ndugu msomaji: mkono wa msuguaji umetajwa na kupimiwa mahali pake tangu karne tisa zilizopita. Wanazuoni wetu waliijua kazi hii, hawakuipuuza wala hawakuitukana.

Siku hizi ukandaji umekuwa ilimu yenye vyuo vyake. Huko Sweden, Per Henrik Ling alifungua chuo cha mazoezi ya viungo na tiba yake mjini Stockholm mwaka 1813. Japani, kwa muda wa karne nyingi, kazi hii ilikuwa riziki ya vipofu, wakaishi kwayo kwa heshima pasi na kuomba. Ukandaji wa jadi wa Thailand uliandikwa na UNESCO mwaka 2019 katika orodha ya urithi wa wanadamu. Na katika jimbo la Ontario, nchini Canada, hapana aruhusiwaye kujiita mkandaji mpaka asome, afanye mtihani, na asajiliwe na baraza lao. Dini yetu haipingani na hayo hata kidogo. Mtume (S.A.W.) amefundisha, kwa hadithi aliyoipokea Abu Daud, kwamba mwenye kujitia utabibu bila ya kujulikana kuwa ana ujuzi hubeba dhamana ya madhara atakayoyatia. Basi binti aliyesoma mifupa na mishipa, akajua wapi pa kukaza na wapi pa kulegeza, na nani asiyefaa kukandwa kabisa kwa ugonjwa alio nao, ameanza kutekeleza amana ya kazi yake kabla hajamgusa mtu.

Kwa hiyo asili ya kazi ni halali, tena ina thawabu kwa mwenye nia njema. Mipaka yake nayo ni mepesi kuieleza. Mwanamume humkanda mwanamume na mwanamke humkanda mwanamke, na hata hapo kilicho baina ya kitovu na magoti kina hukumu yake. Kwani lisilojuzu kutazamwa, kuligusa ni zaidi. Mwenyezi Mungu katika Suratun-Nur ameanza kuwaamrisha wanaume kuinamisha macho yao, kisha akawaamrisha wanawake. Twalitaja hili kwa kuwa wako wazee wenye kumkataza binti kazi hii kwa ukali, na mtoto wao wa kiume yumo katika hoteli ya ufuoni akiwapaka mafuta wageni wa kike, na fedha yake hupokewa nyumbani kwa Alhamdulillahi. Sharia ya mkono ni moja kwa wote wawili.

Tiba ya kweli ina nafasi pana zaidi. Imam Nawawi katika Minhaj ameruhusu kutazama na kugusa kwa ajili ya kuumika na kutibu, na wenye kuisherehesha wameweka masharti: haja iwepo, asipatikane tabibu wa jinsi moja na mgonjwa, na wasiwe faragha wawili peke yao. Bibi Rubayyi binti Muawwidh (R.A.) amesimulia, na Bukhari ameipokea, kwamba wanawake walitoka pamoja na Mtume (S.A.W.) vitani wakiwanywesha watu maji na kuwatibu majeruhi. Lakini mgeni wa hoteli aliyechoka kwa kukaa juani si majeruhi wa vita, na asijidanganye mtu kwa kuivalisha starehe kanzu ya dharura.

Jambo la pili: safari

Kutoka kwenda kutafuta riziki si aibu wala si dhambi. Mwenyezi Mungu katika Suratul-Mulk ametuambia kwamba ardhi ameifanya nyepesi kwetu, twende katika pande zake na tule katika riziki yake. Masahaba walihamia Habasha katika mwaka wa tano wa Utume, wakakaa chini ya mfalme asiyekuwa wa dini yao, kwa kuwa palikuwa na uadilifu.

Na watu wa Kitui hawahitaji kufunzwa safari. Kabla ya reli, misafara yao ya pembe ilishuka mpaka Mombasa, na jina la Kivoi, mfanya biashara mkubwa wao aliyeuawa mwaka 1851, lilijulikana pwani na bara. Uko mfano mwengine wa karibu zaidi, nao watoka Wamunyu, soko jirani na Kwa Vonza. Mtu mmoja wa hapo, Mutisya Munge, alichukuliwa na Vita vya Kwanza vya Dunia mpaka Tanganyika. Huko akajifunza uchongaji wa miti kwa Wazaramo, akarudi nao kwao. Kutokana na mkono wa mtu huyo mmoja uchongaji ulienea Ukambani, na wachongaji wao tunao hapa Changamwe mpaka leo. Hukumu ya kuchonga sanamu ni mlango mwengine, hatuufungui leo. Tutakalo ni kuonyesha kwamba safari yenye faida ni ile ambayo mtu huenda na mkono wake, na hurudi nao una zaidi ya ulivyokwenda, na watu wa kwao wakanufaika.

Lakini mwenye kuulizwa juu yake ni binti, na zipo hadithi sahihi zenye kumkataza mwanamke kusafiri bila ya maharimu. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafii wameruhusu aende hija ya faradhi pamoja na wanawake waaminifu, na wengi wao hawakuruhusu hayo katika safari isiyokuwa ya faradhi. Wako wengine, na hasa wa zama hizi, waliotazama sababu ya katazo, wakasema ni kuchunga usalama, wakashikamana na hadithi ya Adiyy bin Hatim, ambaye Mtume (S.A.W.) alimbashiria kwamba atakuja kuona mwanamke akisafiri kutoka Hira mpaka kwenye Kaaba bila ya kumwogopa yeyote ila Mwenyezi Mungu.

Sisi hatutamtia ndugu yetu katika khitilafu za vitabu akapotea humo. Twamwambia hivi: ukifuata kauli ya kwanza, mpeleke na maharimu wake, au asiende. Na ukifuata kauli ya pili, ya usalama, basi uupime usalama wote, usiupime nusu. Zamani hatari ilikuwa njiani: wanyama, kiu, na wanyang'anyi. Leo njia ni saa chache za ndege, na mtu huketi akaletewa chakula. Hatari imehama njiani, imekwenda kukaa mwisho wa njia, ndani ya nyumba ya kazi na katika chumba chenye kufungwa mlango. Mwenye kusema safari ni salama kwa kuwa ndege haianguki, hajasema kitu.

Jambo la tatu: mkataba

Hapa ndipo penye jambo lenyewe. Nabii Musa (A.S.) alikuwa mgeni Madyan, hana mali wala jamaa, akaajiriwa kwa kazi ya mikono. Kisa chake kimo katika Suratul-Qasas. Binti wa mzee yule alimsifu kwa sifa mbili, nguvu na uaminifu, na watu wakihubiri husimama hapo. Nasi twawaomba waendelee mbele kidogo, waone mwajiri alisema nini. Alitaja muda, miaka minane, akataja kwamba miwili ya kuifanya kumi ni hiari ya Musa, akataja malipo, kisha akasema kwamba hataki kumtia mashakani. Naye Musa akajibu kwamba muda wowote atakaoutimiza katika miwili ile, asidhulumiwe. Mkimbizi asiye na kitu aliweka sharti, na tajiri akalikubali. Huo ndio mkataba wa kazi kama alivyotusimulia Mola wetu.

Juu ya msingi huo mafakihi wakajenga mlango wa ijara. Wamesema kazi ijulikane, ujira ujulikane, na manufaa yenye kuuzwa yawe ya halali. Mtu akiajiriwa kwa kazi isiyojulikana, mkataba umeharibika. Wengi huyasoma haya kama ni maneno makavu ya kitabuni, na hali ni ngome ya mnyonge. Kwani kazi isipotajwa mpaka wake, mwenye fedha ndiye atakayeutaja kila siku apendavyo, na mfanya kazi hubaki kusema ndiyo.

Sasa tuusome mkataba ulioletwa Kwa Vonza, kwa jinsi ndugu yetu alivyotunukulia. Umeandikwa kwamba binti atamhudumia kila mgeni atakayeelekezwa kwake na msimamizi. Kwamba atafanya na kazi nyengine yoyote atakayoamrishwa. Na kwamba pasipoti yake itawekwa ofisini. Tumeyatazama maneno haya matatu, na twaona kila moja lina ila yake. La kwanza halikubagua mume na mke, basi limemwahidi kufanya la haramu kabla hajaondoka. La pili ni ile kazi isiyojulikana yenye kuharibu ijara. Na la tatu ndilo baya kuliko yote, kwani ndilo lenye kumzuia asijitoe katika mawili ya mwanzo.

Ewe ndugu msomaji, fikiri. Mkandaji mwenye kukaa kwao, akiletewa mtu asiyemfaa, hufunga mlango akaenda zake; akikosa ujira wa siku hiyo, amelala na njaa moja. Lakini mwenye kuwa ng'ambo, ana deni la nauli kwa wakala, pasipoti yake imo katika kabati la mtu mwengine, na jina lake limefungamana na mwajiri mmoja, akisema hapana atakwenda wapi? Mkono ni wake kwa kuzaliwa, lakini amri ya mkono imetoka kwake. Na mkono ambao mwenyewe hawezi kuuzuia, hauwezi tena kuitwa mwaminifu wala khaini; umekuwa chombo. Hapo ndipo tunapoona pana tafauti baina ya kuajiriwa na kumilikiwa.

Twasikitika zaidi kwa kuwa nidhamu hiyo imeitwa kafala, nalo ni neno la fiqhi yetu. Katika vitabu vyetu kafili ni yule mwenye kubeba mzigo wa mwenziwe: akidaiwa mtu, kafili husimama alipe. Nabii Zakaria (A.S.) alimkafili Bibi Maryamu, maana yake alimlea na kumtunza. Kwa mafakihi mwenye kufungwa na kafala ni kafili, wala si yule aliyedhaminiwa. Leo neno limepinduliwa, kafili yu huru na mgeni ndiye aliyefungwa. Ni haki kusema kwamba nchi zenyewe zimeanza kuirekebisha: Qatar mwaka 2020 iliwaruhusu wafanya kazi kuhama bila ya idhini ya mwajiri, na Saudi Arabia mwaka 2021 ililegeza masharti yake, ingawa iliwaacha nje watumishi wa majumbani. Na kumshikia mfanya kazi pasipoti yake kumekatazwa na sheria za nchi za Ghuba zenyewe. Basi mkataba wenye kuandika jambo hilo waziwazi, mwandishi wake ametuonyesha mapema kwamba haogopi sheria ya Mungu wala ya watu.

Wala hatari hizi si hadithi za kutishia watoto. Mwaka 2014 Serikali ya Kenya ilizuia upelekaji wa wafanya kazi Mashariki ya Kati na ikafuta leseni za mawakala, kisha mwaka 2017 ikafungua tena baada ya kufanya mapatano. Na mwaka 2021 Wizara ya Mambo ya Nje ilitoa habari ya Wakenya 89 waliokufa Saudi Arabia katika muda wa miaka miwili, wengi wao wakiwa watumishi wa nyumbani. Huenda wengi wao waliondoka na mkataba, na walikuwa na watu waliowasindikiza uwanja wa ndege.

Ipo ibra katika nchi ya Uingereza, na hikima Mwislamu huiokota popote aionapo. Mwaka 1894 pale London palizuka fedheha kubwa, kwani nyumba za uchafu zilikuwa zikijificha nyuma ya jina la masaji, na gazeti la matabibu likazifichua. Wanawake wanne waliokuwa wauguzi na wakunga, ambao kazi yao ilikuwa safi, waliona jina lao lapotea kwa makosa ya wengine. Hawakuiacha kazi, wala hawakukaa kulia. Waliunda chama, wakajiwekea kanuni wenyewe: wasimkande mtu ila kwa maelekezo ya tabibu, wasiwakande wanaume kwa jumla, ila kwa hali ya haja aliyoiomba tabibu, wala wasijitangaze ovyo katika magazeti. Chama kile kilipata hati ya mfalme mwaka 1920, na ndicho kilichokuja kuwa chama cha watibabu wa viungo wa Uingereza mpaka hivi leo. Hawakuwa Waislamu, wala hawakuusoma Minhaj. Lakini waliotaka kuihifadhi heshima ya kazi hii walifika karibu na mipaka ileile. Na waliifikia kwa kuwa walikuwa huru, hapana mtu aliyeshika hati zao.

Jambo la nne: fedha

Ndugu yetu auliza kama fedha italiwa. Twamjibu: ujira wa kazi ya halali ni halali, na Mtume (S.A.W.) ameusifu mno mlo wa mtu utokao katika kazi ya mkono wake, akamtaja Nabii Daud (A.S.) kuwa mfano. Na ujira wa jambo la haramu hautakaswi kwa kupitia benki wala kwa kugeuzwa sarafu. Mwaka 2024 Wakenya walioko nje walileta nyumbani kiasi cha dola bilioni 4.9. Ni fedha nyingi, zimesomesha watoto na kujenga nyumba na misikiti, nasi hatuzidharau. Lakini kila shilingi katika hizo ina mkono uliyoitoa, na mkono ule uliipata kwa njia ambayo nyumbani aghalabu hatuulizi.

Hapa twataka kusema kwa ukali kidogo, na Mwenyezi Mungu atusamehe ikiwa tumepindukia. Iko ada mbaya iliyoingia katika majumba yetu, bara na pwani. Fedha ya binti ikichelewa wiki moja, simu humlilia. Sauti ya binti ikibadilika miezi sita, hapana amwulizaye. Mwenyezi Mungu katika Suratun-Nur amekataza watu wasiwalazimishe vijana wao wa kike kufanya uchafu kwa kutaka pato la dunia, kisha akataja msamaha na rehema baada ya kulazimishwa kwao. Wafasiri wameeleza kwamba rehema hiyo ni ya waliolazimishwa. Basi na ajiulize mzazi yeye amekaa upande gani wa aya hiyo, aliyemtuma mwanawe katika mkataba alioujua, kisha akala na akanyamaza.

Na wale waliorudi, wengine mikono mitupu, wengine na maradhi, twawanasihi watu wa miji yetu wachunge ndimi zao. Mtu huketi barazani na kikombe cha kahawa, akasema fulani alikuwa Arabuni akifanya kazi ya masaji, kisha akacheka. Kicheko hicho ni tuhuma, na kumtuhumu mwanamke mwenye kujihifadhi bila ya mashahidi wanne kuna adhabu iliyotajwa ndani ya Kurani. Aliyelazimishwa hana dhambi mbele ya Mola wake; nani aliyewapa wazungumzaji wa barazani haki ya kumwandikia?

Jawabu letu

Kwa hiyo twamjibu ndugu yetu wa Kwa Vonza, na kila mwenye kufikiwa na jambo kama lake. Mkataba huu, kwa maneno yake haya matatu, haujuzu kutiwa saini, na njaa haiuhalalishi. Kwani dharura humruhusu mtu kula kiasi cha kuokoa roho, haimruhusu kuweka rehani mkono wa mwanawe miaka miwili. Asimkasirikie binti wala asiichane cheti chake. Amrudie wakala na masharti, kama Musa alivyoweka sharti akiwa mkimbizi: iandikwe kwamba atawahudumia wanawake peke yao, mahali pa wanawake, kazi itajwe na saa zake zitajwe, pasipoti ikae mkononi mwake, awe pamoja na maharimu au, kwa mwenye kufuata kauli ile ya pili, pamoja na wanawake waaminifu wenye kujulikana, na iwepo njia ya kurudi asipotendewa haki. Mahali pa wanawake peke yao pako katika miji ya Ghuba, kwani wanawake wa huko nao wanazo stara zao.

Tena alitazame jina la wakala katika orodha ya wenye leseni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Na ampelekee mkataba afisa wa kazi, kwani Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yataka mkataba wa kazi ya nje ushuhudiwe na afisa huyo baada ya kuhakikisha kwamba mwenye kutia saini amekubali kwa ridhaa yake bila ya kulazimishwa. Sheria hii yakubaliana na fiqhi, kwa kuwa ridhaa ndiyo roho ya kila mkataba. Nakala ibaki nyumbani, na akifika huko akiletewa karatasi nyengine ya kutia saini badala ya ile, ajue kwamba hiyo ndiyo alama ya khiana. Wakala akikubali masharti hayo yote na yakathibiti, hatuoni katika kazi hiyo sababu ya kumzuia. Akikataa hata moja, amemjibu ndugu yetu vizuri kuliko tulivyomjibu sisi.

Limebaki neno la watu wa miji yetu wenyewe. Kila mtaa una bibi mmoja mkandaji. Huitwa usiku wa manane, huja. Humkanda mzazi siku arubaini, na huondoka na kanga moja na kilo mbili za sukari. Nyumba ileile, mwezi wa pili, hukodi mapambo na wapiga ngoma wa harusi kwa fedha za mwaka mzima. Ndani ya majumba yetu wamelala wazee waliopigwa na kiharusi, viungo vimekauka kwa kukosa mkono wa kuvinyoosha, na wake zetu huona haya kumwendea tabibu wa kiume wakanyamaza na maumivu yao. Mji unapokuwa na wanawake wenye kuhitaji tiba ya wanawake, kuwapata wenye ujuzi huo ni faradhi ya kutosheleza. Wasipopatikana, dhambi ni ya mji mzima. Vipi basi tunao mabinti wenye vyeti, tunawaacha waende kuwakanda wageni kwa kuwa sisi twaona kuwalipa ni kujipunja?

Twapendekeza jambo dogo. Jamaa wa kila mtaa wachange kodi ya chumba kimoja na vitanda viwili, waweke humo binti mwenye cheti pamoja na bibi mwenye uzoefu, wamlipe kila mmoja ujira unaojulikana kabla jasho halijakauka, kama alivyotuamrisha Mtume wetu (S.A.W.). Harusi moja ikipunguziwa ngoma ya usiku mmoja, chumba kimepata kodi ya miezi. Atakayetaka kusafiri baada ya hapo atasafiri kwa kuchagua, na mwenye kuchagua huweza kukataa.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awanyeshee mvua ndugu zetu wa Kitui, awahifadhi watoto wetu walioko mbali, awarudishe salama na imani zao, na aturuzuku sote mikono yenye kutoa kwa haki na kupokea kwa halali. Amin.

Wabillahi tawfiq.